Sungura wa Dakika 19

Duka langu la steshenari lilikuwa Morogoro, hatua chache kutoka geti la chuo, katikati ya muuza chipsi na kinyozi. Juni ndio mwezi wa mavuno pale. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanakabidhi risechi, wa miaka mingine wana ripoti zao, na wote huja siku ya mwisho. Kila mmoja ana fleshi, na kila fleshi imeshalala kwenye kompyuta za watu wengi kabla ya kufika kwangu.

Virusi vilivyotusumbua zaidi ni vile tulivyoviita vya shotikati. Unafungua fleshi, mafolda yote yamegeuka vijishale. Ukibofya kijishale, folda linafunguka kama kawaida, lakini kirusi nacho kimeshaingia kwenye kompyuta. Zamani vingine havikuhitaji hata kubofywa, maana Windows ilikuwa inaweza kuendesha yenyewe programu iliyoikuta kwenye fleshi. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuifunga tabia hiyo hata kwenye XP na Vista, na tangu hapo kirusi cha fleshi kwa kawaida kinategemea kidole cha binadamu. Kwangu vidole havikukosekana. Kijana wangu wa dukani alikuwa ameshika kichwani ile amri ya attrib inayorudisha mafolda yaliyofichwa, na aliiandika huku akiongea na mteja mwingine, haangalii hata kibodi.

Sasa, antivairasi tuliyokuwa nayo mwaka 2019 ilikuwa na tabia za mzee wa ukoo. Fleshi ikichomekwa, inaikaribisha, inaikalisha, inauliza habari za kila faili moja moja. Foleni inafika kwa kinyozi. "Shikamoo mjomba, nina dakika kumi tu, mwalimu anafunga ofisi." Marahaba, mwanangu, ngoja kidogo. Hangoji. Anavuka barabara kwenda duka la pili, ambako fleshi inaingia na karatasi zinatoka bila swali lolote. Nilipoteza wateja watatu asubuhi moja. Kijana akasema, "Bosi, tatizo ni hii antivairasi. Tuzipime, tuchukue yenye spidi."

Tukazipima. Nitaeleza kwa kirefu tulivyofanya, kwa sababu kosa limo humo, na halikuwa kosa la uvivu. Tulikuwa na daftari la kaunta, tulikuwa na saa ya simu, tuliandika dakika na sekunde. Mtu akilifungua daftari lile leo atasema hawa walikuwa watu makini.

Programu zilikuwa tatu. Kijana akazipa majina: Kobe, Punda na Sungura. Kobe ni ile yetu ya zamani. Majina yao ya dukani nayaacha, maana aliyekosea nilikuwa mimi, na programu hizi hubadilika kila mwaka hata kobe wa jana akawa na mbio leo. Kompyuta ilikuwa moja, yenye diski ya GB 500 ambayo GB 180 zilikuwa zimejaa, na tulihakikisha tunamtoa mmoja kabla ya kumweka mwingine. Hilo angalau tulilijua: ukiweka walinzi wawili wa kudumu kwenye kompyuta moja, kila faili analolifungua huyu yule naye analikagua, na mashine inabaki kuhema.

Kobe tulimpima Jumamosi saa tano asubuhi, duka limejaa, kompyuta hiyohiyo inaprinti. Dakika 112. Punda alianza saa tisa alasiri, wateja wawili watatu. Dakika 58. Sungura tulimpima usiku, mlango tumeshaufunga, tunakula chipsi. Dakika 19. Kijana alipiga meza kwa kiganja mpaka chumvi ikamwagika.

Siku ya pili tukachukua fleshi moja yenye mafaili ya GB 1.5 na kuwapa wote watatu kwa zamu, programu zote sasa zimewekwa lakini mbili tumezizima. Kobe dakika nne na ushei. Punda moja na nusu. Sungura sekunde 9. Skrini ikawa ya kijani: hakuna tishio. Fleshi ilikuwa bado imechomekwa palepale tangu kwa Kobe, hatukuigusa. Tuliona ndiyo haki, wote wakague kitu kilekile.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kompyuta ambaye alikuwa anakuja kutoa kopi za mitihani. Nikamwonyesha daftari kwa majivuno. Akalisoma, akalirudia, akauliza: "Na ilikagua mafaili mangapi?"

Nikamwambia mwalimu, yote, si tumebonyeza kitufe cha kukagua. Akasema haya. Akalipa kopi zake akaenda. Nakumbuka nilicheka baada ya yeye kutoka. Sikumbuki nilicheka nini.

Wiki mbili Sungura alitufaa sana. Foleni ilirudi kuwa fupi, watu wa ng'ambo ya barabara walianza kuja kwangu, na nikaongeza mashine ya kubaindi. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba spidi haina thamani. Ina thamani. Mtu anayesema usalama kwanza huku wateja wanamkimbia, duka litafungwa likiwa salama.

Usiku mmoja mwanafunzi alileta programu ya kuchambua data, iliyokrakiwa, akitaka isaidiwe kuwekwa kwenye laptop yake. Ilikuwa ndani ya faili la zip lenye paswadi, na paswadi imeandikwa pembeni. Kijana wangu alifanya nilichomfundisha: akalipitisha kwa Sungura kwanza. Kijani, hakuna tishio. Akalifungua kwenye kompyuta ya duka ili alijaribu. Maelekezo ya ndani yakamwambia azime kwanza antivairasi, maana ati huwa inakosea kuiona kraki kama kirusi. Akazima. Na kwa nini asizime, ilhali Sungura alikuwa ameshasema ni safi?

Hapa nisimame kidogo. Zip yenye paswadi ni sanduku lenye kufuli. Mkaguzi asiye na ufunguo haoni kilichomo, awe mwepesi au mzito. Wanaosambaza kraki wanalijua hilo, ndiyo maana wanaweka kufuli na kukupa ufunguo wewe mwenyewe, ili ufungue kwa mkono wako baada ya mkaguzi kupita. Kwa hiyo simlaumu Sungura kwa kutoona. Namlaumu kwa jambo lingine, nalo nililijua baadaye.

Asubuhi nilikuta kila faili limebadilika jina. Nyuma ya .docx kulikuwa na kiambishi kingine nisichokijua, nyuma ya .jpg vilevile, na kwenye kila folda karatasi moja mpya: _readme.txt. Nikaifungua. Kiingereza cha upole. Mafaili yako tumeyafunga, usihofu, utayapata yote. Dola 980, ukituandikia ndani ya saa 72, dola 490. Nilikaa chini nikapiga hesabu. Hata hiyo ya punguzo ilizidi shilingi milioni moja kwa bei ya dola ya siku zile, na kompyuta yenyewe niliinunua mtumba kwa chini ya nusu yake.

Baadaye niliambiwa jina la ukoo wa virusi hivyo: STOP, au Djvu. Huwinda watu wa kawaida, na njia yao kubwa ni programu za kukraki. Mafaili hawayafuti, wanayafunga kwa hesabu ambayo bila ufunguo huwezi kuitegua. Nilikuwa na diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Ilikuwa imechomekwa nyuma ya kompyuta, kama siku zote, kwa sababu kuichomoa na kuichomeka kila jioni kulinichosha. Nayo ilifungwa yote, folda kwa folda, na barua yake ya dola ndani ya kila moja.

Kulikuwa pia na fleshi mbili zilizochomekwa, za wateja walioziacha ili tuprinti asubuhi. Moja ilikuwa ya dada mmoja wa mwaka wa mwisho. Risechi yake nzima ilikuwa humo: sura tano, pamoja na majedwali aliyoyajaza kutoka kwenye hojaji alizokusanya Kilosa. Alikuja saa mbili kasoro, akanisalimia, nikashindwa kuitikia vizuri. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama fleshi yake anaweza kuichukua. Nikamwambia nitakufomatia ikae sawa, bure. Akasema, "Hapana mjomba, niachie hivihivi." Akaiweka kwenye kipochi cha simu akaondoka.

Mimi nilikuwa na foleni mlangoni. Saa nne asubuhi nikafomati kompyuta, nikafomati na ile diski ya nje, nikapiga Windows upya. Saa nane mchana duka likawa wazi, tunaprinti.

Mwalimu alirudi wiki hiyo, akakuta nimekonda. Hakuniuliza lolote juu ya lile swali lake. Aliomba daftari. Kompyuta ilikuwa imesahau kila kitu, lakini karatasi ilikuwa bado inakumbuka, na mwalimu akaanza kuhesabu kwa kalamu pembeni ya mwandiko wa kijana.

Diski yako, akasema, ni ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika. Ikiwa na afya njema, na ikisoma faili moja refu lisilokatika, inatoa karibu MB 100 kwa sekunde. Hapo ni mbio zake zote. Ikikutana na mafaili madogo madogo, kichwa cha kusomea kinaruka huku na huku na spidi inaporomoka. Haya, chukua mbio hizo zote bila kupumzika: GB 180 kwa MB 100 kila sekunde ni sekunde 1,800. Nusu saa. Sungura wako kamaliza kwa dakika 19. Kazisomea wapi?

Nilibaki naangalia ile namba. Ilikuwa imekaa kwenye daftari langu wiki tatu, nimeionyesha watu kama cheti cha ubatizo, nayo yenyewe ilikuwa inasema kwamba kazi haikufanyika. Hata ya fleshi ilikuwa hivyohivyo. Fleshi ya USB 2 haitoi hata MB 40 kwa sekunde, kwa hiyo GB 1.5 zinataka zaidi ya nusu dakika za kusomwa tu. Sungura alitumia sekunde 9.

Kwa fleshi palikuwa na siri mbili zilizochanganyika. Windows huvitunza kwenye RAM vitu ilivyovisoma karibuni, ikitarajia utavihitaji tena. Kobe ndiye aliyekuwa wa kwanza, akazoa kila faili kutoka kwenye fleshi yenyewe, taratibu, kwa jasho lake. Waliomfuata walikuta mafaili mengi yameshapakuliwa. Ni sawa na kumtuma mmoja kuchota maji mtoni, kisha kumsifu wa pili kwa kuchota haraka kwenye mtungi alioujaza mwenzake. Siri ya pili tuliikuta kwenye mipangilio ya Sungura, tulipomweka upya na kufungua kurasa ambazo sikuwahi kuzifungua. Kama alivyotoka kiwandani, alikuwa anakagua aina fulani tu za mafaili, anaruka yanayozidi ukubwa fulani, na zip hazifungui kabisa. Kila kiboksi cha kazi hizo kilikuwepo, hakijawekwa alama. Hakutudanganya. Sisi ndio tuliosahau Sungura wa hadithi za bibi ni mtu wa namna gani.

Mwalimu akasema tuzipime tena, safari hii kwa adabu. Akaleta folda lake la GB 40, lenye mchanganyiko wa picha, nyaraka, vitabu na zip. Tukapima duka likiwa limefungwa. Kabla ya kila mmoja kuanza tuliiwasha kompyuta upya ili RAM isibaki na kitu cha mwenzake, tukawaapdeti wote siku hiyohiyo, tukaweka alama kwenye viboksi vyote, na kila mmoja tukampima mara tatu, kwa kumtoa na kumweka upya, kwa sababu baadhi ya programu hizi huweka kumbukumbu za mafaili ziliyokwisha kuyakagua na kuyaruka yasipobadilika. Mbele ya dakika tukaweka safu nyingine: idadi ya mafaili yaliyokaguliwa.

Kobe dakika 24. Sungura 22. Punda 27.

Tofauti yote ile ya 112 na 19 iliishia kwenye dakika mbili. Wakifanya kazi ileile, wote watatu walikuwa wanasubiri diski moja nzee. Ningenunua diski ya SSD, ambayo husoma mara nyingi zaidi ya ile yangu, foleni ingepungua na Kobe wangu ningebaki naye. Hakuna aliyeniambia, lakini pia sikuuliza. Nilikuwa nauliza ni nani mwenye mbio.

Kisha tukawapa mtihani. Lipo faili la majaribio linaloitwa EICAR, la herufi 68 tu, lisilo na madhara yoyote. Watengenezaji wa antivairasi walikubaliana kulitambua kana kwamba ni kirusi, ili mtu aweze kumjaribu mlinzi wake bila kufuga nyoka ndani ya nyumba. Mwalimu aliliweka wazi, akaliweka ndani ya zip, ndani ya zip iliyo ndani ya zip nyingine, na mwisho ndani ya zip yenye paswadi. Viboksi vikiwa na alama, wote walilikamata hadi zip ya ndani. Viboksi vikiwa kama vilivyotoka kiwandani, Sungura aliliona lile la wazi peke yake.

Kwenye lile lenye paswadi wote walishindwa, kama nilivyosema. Ila Kobe, mwishoni mwa ripoti yake, kwa mwandiko mdogo wa kijivu, aliandika: faili 1 halikukaguliwa, lina nywila. Punda aliandika hivyohivyo kwa maneno mengine. Sungura alilihesabu miongoni mwa yaliyo safi.

Hilo ndilo ninalomlaumu. Mkaguzi anayeacha chumba kwa kukosa ufunguo aniambie, nami nitajua mlango upi niuogope. Kijana wangu usiku ule angeona yale maandishi ya kijivu, huenda angeniamsha. Huenda pia asingeniamsha, simjui kiasi hicho. Lakini angekuwa amepewa nafasi.

Nimekuja kujua kwamba wapo watu ambao kazi yao ni hii tu. Kuna AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, na matokeo yao husomwa bure. AV-TEST hutoa hadi alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi, na 6 kwa kutomsumbua mtumiaji kwa kelele za uongo. Kila alama inasimama peke yake, mtu asije akaificha moja nyuma ya nyingine. Wepesi wenyewe hawaupimi kama tulivyopima sisi. Wanaangalia kompyuta inachelewa kiasi gani mtu anapokopi mafaili, anapofungua programu, anapopakua kitu kwenye intaneti, yaani kazi za kila siku ambazo mlinzi anakuwa pembeni. Kwa mwenye duka la steshenari hiyo ndiyo spidi ya kuijali. Ukaguzi kamili wa saa mbili unaweza kufanyika usiku umelala.

Yule dada alipewa wiki mbili za nyongeza na chuo. Hojaji zake za karatasi alikuwa nazo, akajaza majedwali upya na kuandika sura zote upya, na mimi nilimprintia na kumbaindia bila malipo, nakala zote. Alipata alichokuwa anakitafuta, ingawa alinieleza kwamba sura ya nne ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko hii ya pili.

Oktoba mwaka huohuo, kampuni ya Emsisoft ilitoa bure chombo cha kufungua mafaili yaliyofungwa na matoleo mengi ya zamani ya STOP. Kilitaka jambo moja: faili moja likiwa katika hali mbili, lililofungwa na lilelile likiwa zima. Mwalimu ndiye aliyeniletea habari. Nikampigia dada simu. Alikuwa amerudi kwao, na fleshi ilikuwa bado kwenye kipochi. Pendekezo lake la risechi aliwahi kulituma kwa barua pepe, kwa hiyo nakala nzima ilikuwepo, na iliyofungwa ilikuwa kwenye fleshi. Alikuja Novemba, tukakaa naye dukani mpaka jioni, bando langu likaisha akaunga lake. Sura zote tano zilifunguka, pamoja na ile ya nne.

Akaniuliza yangu yamefunguka mangapi. Yangu nilikuwa nimeyafomati siku ileile, saa nne asubuhi, kwa sababu kulikuwa na foleni.